Neno la Kuchuna

Bariadi
11 Mei 1997

Kwako dada Wilhelmina,

Mwangaluka, dada. Sisi tunakula na tunalala, na wewe huko Nairobi nakuombea hivyo hivyo. Mke wangu Justina anakusalimu, watoto wote wanne wanakusalimu, na yule ndama uliyeniachia amekuwa mtamba, ukimwona utamkataa. Mama yetu, mayu, ni mzima ila masikio yamezidi kuziba. Ukitaka akusikie, upige kelele kama unafukuza ngedere shambani. Macho yake nayo yamekuwa mekundu kuliko mwaka jana kwa sababu ya moshi. Kuni hakuna, anapikia miti ya pamba na mavi ya ng'ombe. Nimemwambia aje ale kwetu, anasema chakula cha mkamwana hakina chumvi.

Pamba siku hizi haiuzwi kwa chama cha ushirika peke yake. Wamekuja wanunuzi binafsi, kila mmoja na mzani wake, na gulio la pamba limechangamka, kuna soda na redio. Ukikaa pale siku moja unapata habari za wilaya nzima.

Habari mbaya ni moja. Yule bibi Nyanjige wa ng'ambo ya mto wamemkata mapanga, mchana kweupe, akianika mtama. Mkono ulikutwa upande mmoja wa uwanja na yeye upande wa pili. Wanasema alikuwa mchawi, ati kwa yale macho yake mekundu. Mimi simo, siku hiyo nilikuwa Maswa.

Sasa dada, watu gulioni wananiuliza unafanya kazi gani huko Kenya, nami nabaki kujikuna kichwa. Tuandikie vizuri. Mayu naye ana wasiwasi, anadhani unauza pombe.

Ni mimi mdogo wako,
Ndaki


Nairobi
9 Juni 1997

Mdogo wangu Ndaki,

Barua yako imefika ikiwa na duara la kikombe cha chai juu yake, nikajua imepita mikononi mwa wengi kabla ya kutiwa posta. Nawasalimu wote. Watoto wanne? Mwambie Justina apumzike, yeye si shamba la mihogo.

Unajua nilivyoachishwa kazi ya maabara serikali ilipopunguza watu. Miaka kumi na moja nilitafuta vidudu vya malaria kwenye damu za watu kwa hadubini, siku moja nikaambiwa jina langu limo kwenye orodha. Hadubini hiyo hiyo ndiyo inayonilisha hapa, ila sasa natazama nywele.

Usicheke. Kuna kliniki ya daktari mmoja Mgoa, Daktari Pinto, wanakuja wanaume wenye upara na pesa zao. Upara unakula mbele na utosini, lakini nywele za kisogoni hazing'oki hata mtu azeeke. Basi daktari anampiga mtu sindano za ganzi, anachuna ukanda wa ngozi kisogoni, urefu wa shubiri na upana wa kidole, nywele zikiwamo, halafu anashona. Mtu yuko macho, anasimulia habari za mpira, na damu inamtiririka shingoni. Ukanda unaletwa kwangu ungali na joto. Nauweka chini ya hadubini, nakata vipande vyembamba, kisha natenga nywele moja moja au mbilimbili, zile zinazoota pamoja, kila moja na mzizi wake, na daktari anazipandikiza kwenye upara wa mtu yule yule. Kisu kikigusa mzizi, nywele imekufa. Ikikauka, imekufa. Zamani walikata kwa macho matupu na kupandikiza mafungu makubwa, mtu akaonekana amepandwa mashina ya mtama kichwani. Kwa hadubini hata mkewe hajui.

Nywele za Wazungu na Wahindi zimenyooka mpaka ndani ya ngozi. Zetu zimepinda ndani kama mundu, na kisu lazima kifuate ule mpindo. Kazi hiyo hapa naiweza mimi tu, na daktari anajua. Kwa siku natoa mia saba, mia nane. Ikifika jioni macho yangu ni mekundu kuliko ya mayu.

Hiyo habari ya Nyanjige imenitia baridi mifupani. Alikuwa akitupa karanga, umesahau? Nawe unaandika "mimi simo" kama mtu aliyeulizwa. Natuma dawa ya macho. Mayu aitumie kila siku, na aache kupikia mavi ya ng'ombe.

Barua hii msomee mayu kwa sauti kubwa, asikie kila neno. Sitaki afe akidhani nauza pombe.

Dada yako,
Wilhelmina


Bariadi
20 Julai 1997

Kwako dada,

Mwadila. Huku mavuno si haba, watoto wamekohoa kidogo wakapona. Dawa ya macho imefika. Mayu aliinusa akasema inanuka mkojo wa paka, akaiweka juu ya kabati.

Dada, umetupa sifa! Ulisema nimsomee kwa sauti, nami nimefanya zaidi ya hapo. Siku ya mzani nilikwenda naye gulioni, nikapanda juu ya marobota ya pamba, nikasoma barua yako yote huku naigeuza kwa Kisukuma, kwa sauti ambayo hata yeye aliisikia. Foleni yote ilinisogelea. Tabu ilikuwa moja tu, Kisukuma chetu hakina neno la upasuaji wa nywele. Nikatumia lile neno tunalotumia kwa ng'ombe akishachinjwa, neno la kuchuna. Nikasema, dada yangu anachuna ngozi za vichwa vya watu wakiwa hai, anazikata vipande vipande, anazipanda kwa wengine, na macho yake yamekuwa mekundu kama ya mama. Watu walicheka mpaka wengine wakaketi chini.

Mayu alifurahi kupita kiasi. Si unajua kiziwi asivyopima sauti yake? Alisimama akasema, gulio zima likasikia, "Huyo ni mwanangu. Nilimfundisha mimi kwa mikono hii." Alimaanisha kuchambua pamba, kwamba vidole vyako vyepesi ni vyake. Hapo kicheko kilipungua kidogo. Jirani yetu Jilala akaniomba nirudie ile sehemu ya ngozi. Nikairudia.

Yeye Jilala ana mgonjwa, binti yake Shida, yule mdogo. Homa wiki ya tatu, na nywele zinanyonyoka zinabaki kwenye mto. Tumwombee.

Mdogo wako,
Ndaki


Nairobi
6 Agosti 1997

Ndaki,

Leo sina salamu ndefu. Nimesoma barua yako nimesimama, na mpaka sasa sijakaa.

Wewe ni mpumbavu. Nilisema umsomee mama yako, sikusema uhubiri. Umesimama juu ya pamba mbele ya watu waliomkata Nyanjige, ukawaambia familia yetu inachuna watu. Kisha kuna mtoto mgonjwa ananyonyoka nywele. Mlango wa pili, Ndaki! Huoni? Huo ugonjwa ni homa ya matumbo, nimeuona mara mia maabara, hunyonyoa nywele na mtoto akitibiwa zinarudi. Mwambie Jilala ampeleke hospitali leo. Nenda na baiskeli yako mwenyewe ukambebe.

Halafu mtoe mayu hapo. Mpeleke Maswa, pale Binza, kwa mama mdogo Klementina. Nimeshamwandikia, ana chumba. Usisubiri pamba wala mtu yeyote. Mayu akikataa mdanganye kwamba mdogo wake anaumwa.

Sikuombi. Nakuamuru kama dada yako mkubwa niliyekubeba mgongoni.

Wilhelmina


Bariadi
14 Septemba 1997

Kwako dada,

Pole kwa hasira. Sisi hatujambo, mtamba amepandwa.

Binti wa Jilala amefariki. Alikuwa kwa mganga, hospitali hakufika. Nilikwenda matangani, nikampa Jilala mkono, hakuupokea. Nikakaa na wanaume wengine, wakahama mkeka. Nikarudi nyumbani.

Kuhusu mayu, nimemwambia, hataki. Anasema mvua inakaribia, hawezi kuacha shamba lake la mbugani bila mpunga. Nilimwambia mama mdogo anaumwa, akasema atamwombea kwa Mungu, yeye si daktari. Nikimlazimisha watu watasema tunamkimbiza kwa sababu tunajua jambo. Nimeona tusubiri apande, kisha nitampeleka taratibu.

Kingine kidogo. Juzi asubuhi mbwa wake amekutwa mlangoni amechunwa, ametundikwa kwa kamba, na ngozi imekunjwa vizuri imewekwa kizingitini. Mayu alilia sana. Nimemwambia ni fisi.

Ndaki


Nairobi
1 Oktoba 1997

Ndaki,

Fisi hachuni. Fisi hakunji ngozi, wala hana mikono ya kufunga kamba.

Mfunge mama yako kamba kama mbuzi umpakie kwenye basi. Atukane njia nzima, mwache. Mwache anichukie mpaka kufa, mradi afe mzee kitandani Binza. Hicho tu ndicho nakitaka duniani sasa hivi.

Nimeomba ruhusa nije mwenyewe. Hati yangu ya kusafiria imekwisha muda, nazungushwa ofisini kila siku.

W.


Bariadi
7 Desemba 1997

Kwako dada Wilhelmina,

Natumaini u mzima. Mvua hii haijapata kuonekana, madaraja yamebebwa, basi la Maswa halifiki. Barua yako ya Oktoba nimeipata wiki hii. Telegramu niliyokutuma sijui kama imefika.

Mama yetu Minza alifariki Jumatatu tarehe 3 Novemba. Ilikuwa homa ya ghafla. Hakuteseka. Tulimzika siku hiyo hiyo kwa sababu ya mvua, nyuma ya zizi, karibu na baba. Katekista alisali. Tumenyoa nywele kama desturi, mimi, Justina na watoto.

Bwana ametoa, Bwana ametwaa.

Mimi sikuwepo alipokata roho. Nilikuwa Maswa.

Ndaki


Nairobi
4 Januari 1998

Ndaki mdogo wangu,

Telegramu haikufika. Barua yako niliipokea kliniki nikiwa na kisu mkononi, mteja amelala chumba cha pili na nywele zake zinakauka. Nilizimaliza. Mia sita na arobaini. Kisha nikaenda chooni nikapiga ukunga mpaka daktari akavunja kitasa.

Nimenyoa kichwa changu. Wateja wanashangaa, mwanamke wa nywele hana nywele.

Nieleze. Homa gani? Nani alimwosha? Alivaa nguo gani? Alisema nini mwisho? Na wewe ulikwendaje Maswa siku hiyo, wakati unasema madaraja yalibebwa?

Nina ombi moja. Kwetu mtu akifia mbali, huletwa nywele zake na kucha nyumbani, zikazikwa. Safari hii aliye mbali ni mimi. Nitumie nywele za mayu nipate cha kulilia.

Dada yako


Bariadi
15 Februari 1998

Kwako dada,

Tuko salama. Mpunga umelala kwa maji. Ng'ombe wawili wamekufa.

Nywele hizo hapo ndani, kwenye karatasi ya kaki. Nilimnyoa mwenyewe kwa wembe mpya kabla hajaingizwa kaburini. Kucha sikupata. Maswali mengine tutaongea tukionana.

Tusiandikiane sana, dada. Posta haiaminiki.

Ndaki


Nairobi
21 Machi 1998

Ndaki,

Nilisubiri Jumamosi, wateja wameondoka, nikafungua karatasi yako ya kaki. Nilitaka kulia. Nikabusu zile mvi. Midomo yangu ikagusa kitu kigumu.

Niliziloweka kwenye maji ya chumvi kutwa nzima, tunavyofanya hapa. Kisha nikaziweka chini ya hadubini.

Sikiliza, maana hii ndiyo kazi yangu. Nimekata nywele laki na zaidi tangu nije hapa. Wembe hukata nywele juu ya ngozi. Ncha inabaki tambarare, mzizi unabaki kichwani mwa mwenyewe. Wembe hauna habari na mzizi. Nywele ulizonitumia zina mizizi yote, imepinda kama mundu, ya kwetu kabisa. Ziko ndani ya ngozi, Ndaki. Kipande cha ngozi ya kisogo, kirefu kama kidole changu cha kati. Nimehesabu nywele mia mbili kumi na nne.

Upande mmoja wa ngozi umekatwa na chuma kizito chenye meno ya kutu, michirizi naiona, imelala sambamba. Kilikuja kimeinama, kama mtu anapochuna, siyo kama mtu anapopasua. Upande wa pili haukukatwa. Umechanika kwa uzito, kana kwamba ulining'inia kisha ukavutwa. Na kila mahali, mpaka ndani ya vinyweleo, kuna udongo mweusi wa mbuga. Anayekufa kwa homa kitandani hapati udongo wa mbuga ndani ya kisogo.

Ngozi ya mtu aliyekwisha kufa haivilii damu kandokando ya kidonda. Hii imevilia. Mama yangu alikuwa hai.

Hukunyoa. Hukuwa Maswa. Niambie nani, na niambie ulikuwa wapi. Ukiniandikia neno homa tena, nitakuja nikutie hilo neno kooni kwa ngumi.

Wilhelmina


Bariadi
10 Mei 1998

Dada,

Nimeanza barua hii mara saba. Justina hajui naiandika. Watoto ni wazima. Sijui kwa nini nakuambia hilo.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Mayu alikuwa mbugani anapanda mpunga. Nilikuwa nyumbani nanoa jembe, yowe la mwano likapigwa. Unaujua mwano wetu, ukilia kila mwanaume anatoka na silaha, asiyetoka anahesabiwa adui. Nikachukua panga nikakimbia. Nakuapia sikujua ni wa nani mpaka nilipofika, nikaona wamezunguka shamba letu.

Walikuwa kama arobaini. Nawajua wote, nimekula kwao. Mayu alikuwa ameinama katikati, hajasikia kitu, anapanda tu. Jilala akaniambia, "Ndaki, wewe ndiye uliyetusomea. Umetuambia kwa mdomo wako wanachuna watu, na yeye akasema alimfundisha. Mwanangu kanyonyolewa nywele mpaka kaburini. Haya, anza wewe. Usipoanza, tunaanzia nyumbani kwako, na mkeo, na wanao wanne." Walikuwa wameshamtuma mtu na kiberiti. Kutoka pale shambani nilimwona amesimama chini ya paa la nyasi la jiko letu.

Dada, ningekufa ningekuwa mtu. Sikufa.

Nilimwendea kwa nyuma. Nilikusudia kumpiga bapa, azimie, wadhani amekufa. Nilishika panga ubapa, nakuapia kwa kaburi la baba. Pale nilipoinua, akahisi kivuli akainuka. Akaniona. Akaona watu wote wale na silaha zao, akauliza, "Ndaki, mwano wa nani? Nani kafiwa?" Akageuka kutazama upande wa kwa Jilala. Nikapiga. Matope yaliniteleza, panga likajipinda mkononi, likapita kisogoni likamchuna. Ngozi ikaning'inia. Hakulia. Aliweka mkono nyuma ya kichwa, akatazama damu mkononi mwake, akanitazama mimi. Kisha akaanguka, ngozi ikanasa kwenye panga langu ikachanika.

Jilala alifuata. Halafu wote. Ilikuwa sheria yao kila mmoja apige, asiwepo wa kusema. Nilisikia mapanga yakigonga mifupa, yakigonga mawe, yakigongana yenyewe. Nilisimama na kile kipande mkononi. Waliponiambia nizike nilikitia ndani ya kofia.

Uliponiomba nywele sikuwa na nyingine. Kichwa hakikuwa kitu cha kunyolewa. Ningeweza kukutumia nywele za Justina, au manyoya ya mbuzi. Nilifikiria. Nikakutumia zile. Nilijua una hadubini, nadhani nilitaka mtu mmoja duniani aone.

Wananisalimia sasa. Nikienda gulioni wananinunulia soda. Jilala amenipa mbegu. Hakuna anayemtaja.

Ukiona hasira nichome. Barua hii usimwonyeshe mtu.

Ndaki


Nairobi
7 Juni 1998

Ndaki, mtoto wa mama yangu,

Sijambo. Nywele zangu zimeanza kuota. Hizo ndizo habari za kwangu.

Nimesoma barua yako mara moja tu, na inatosha. Nilivunja kioo cha hadubini kwa ngumi, nikashonwa nyuzi tisa. Nilitamani shingo yako iwe ndani ya ngumi hiyo. Nakuchukia. Nimejaribu kutafuta neno lingine kwa sababu wewe ndiye nimebaki naye, sikulipata. Jilala alimpoteza mtoto, akatafuta wa kumlaumu, ukampa. Wale wengine ni mbwa. Lakini mayu alikuuliza nani kafiwa, alitaka akakupe pole!

Nami nimo. Niliandika "kwa sauti kubwa." Niliandika kuchuna na ningeweza kuandika kukata. Nilijisifu kwa macho mekundu wakati nakumbuka vizuri kwetu macho mekundu yanaua nani. Hilo nitalibeba mwenyewe, hutanisaidia.

Barua yako sikuichoma. Nakala moja nimempa Daktari Pinto, ya pili imekwenda polisi kwa mkono wa mama mdogo Klementina. Hati yangu ya kusafiria imetoka. Ijumaa tarehe 3 Julai nitashuka Bariadi na barua yako yenyewe, na kile kipande kikiwa ndani ya chupa. Sitafikia kwako. Usichinje chochote. Klementina atawachukua Justina na watoto awapeleke Binza Jumapili tarehe 28 Juni, waachie waende, na wewe ubaki. Ukikimbia kabla sijafika, utakuwa umekimbia, na mimi nitawataja wote arobaini nikianza na wewe. Ukibaki, utawataja wewe. Unawajua, umekula kwao.

Kabla sijafika kuna kazi moja. Msimu umefunguliwa, mizani iko gulioni, foleni ipo, wote wapo. Nakuambatanishia nakala ya barua yako. Panda juu ya marobota kama siku ile. Huyu tuliyekuwa tunampigia kelele hasikii tena, basi piga kelele wasikie wao. Isome yote, usiruke mstari, na uigeuze kwa Kisukuma.

Ukifika pale panga lilipojipinda, lipo neno la kuchuna. Usihangaike kutafuta jingine. Tumia lile lile la ng'ombe. Safari hii umelipatia.

Wilhelmina